Bi Alima Zuberi na Deki Isiyotoa Sauti

Jarida hili linawaomba radhi wasomaji wake kwa kimya kirefu. Toleo lililopita lilitoka kabla watu wa mji wetu wa Palma hawajatawanywa na vita, nalo liliahidi toleo jingine hivi karibuni. Tunarudi sasa kwa jambo la heri: tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Alima Zuberi, mhudumu wa chumba cha kutazamia video katika maktaba yetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi.

Bi Alima aliajiriwa kufagia. Wiki ileile maktaba ilipokea televisheni, deki ya kaseti na hedifoni moja, na kwa kuwa watumishi wote wenye vyeti waliogopa kulaumiwa vitu hivyo vikiharibika, akakabidhiwa yeye. Tangu hapo amepelekwa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, mara kadhaa kusomea mashine, kila mara mashine ambazo maktaba haina. Vyeti alivyorudi navyo alivitandika chini ya deki ili isitikisike.

Kanuni ya chumba ilikuwa wazi: ukimya, mtazamaji mmoja, hedifoni moja. Aliyeiandika hakuwa amewahi kutazama video na watu wa pwani hii. Hapa mtu haji kutazama peke yake. Huja na mama mkwe, majirani, na watoto wa majirani. Bi Alima hakuvunja kanuni. Alimkalisha mmoja kitini, akamvisha hedifoni, na waliosalia wakasimama nyuma yake. Wakauliza, "Anasema nini?" Aliyevaa akawaeleza, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezibwa, aliwaeleza kwa kelele.

Hivyo chumba cha ukimya kikawa mahali penye makelele kuliko pote mjini, ukitoa soko la samaki. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Domingos, aliyehamishiwa hapa kutoka Maputo, alikuja mbio.

"Dona Alima, hii biblioteca ni maktaba au mnada?"

"Senhor diretor, kanuni inasema mashine isitoe sauti. Isikilize. Imetoa?"

Bwana Domingos akaupiga marufuku mtindo huo. Mwezi haukuisha, akaingia mwenyewe kutazama kaseti ya nidhamu ya watumishi wa umma. Wavuvi wawili waliokuwa wakingoja zamu yao wakasogea nyuma ya kiti. "Mkubwa, huyo mwenye tai anasemaje?" Akawaeleza kwa ufupi. Wakataka kwa urefu. Kaseti ilipokwisha alikuwa amesimama, anaigiza, na mengi aliyoyasema hayakuwamo. Marufuku ile haijafutwa hadi leo. Haijatajwa tena, basi.

Mwaka 2021, mji uliposhambuliwa na kukimbiwa, Bi Alima aliacha sufuria, magodoro na mbuzi, akafika kijiji cha Nhica do Rovuma na rimoti ya deki. Wifi zake walimcheka njia nzima: "Bonyeza basi, wifi, tufike!" Waliopita maktabani tulipokwisha kukimbia walibeba kompyuta zote mpya. Deki hawakuitamani. Kwa hiyo aliporudi, kifaa pekee kilichokuwa kizima ni kile kilichokuwa kimependekezwa kutupwa.

Sasa kimependekezwa tena. Wakubwa wanaona kwamba mhudumu akiondoka, deki nayo iondoke, na chumba kiwe stoo ya viti. Kamati ya kuagana ilipomuuliza Bi Alima angependa zawadi gani, alijibu kwamba deki ibaki. Kamati imemnunulia saa ya ukutani.

Anayelingoja jibu la wakubwa kuliko wote ni Bi Zainabo wa Quitunda. Kijiji chake cha zamani kilihamishwa kupisha mradi wa gesi, na sasa kimebaki katika kaseti moja ya harusi ya mdogo wake: nyumba, kisima, na marehemu mama yao akipika vitumbua. Deki nyingine ya kuichezesha hajaipata popote. Kila mwezi huja na wajukuu, huvaa hedifoni, huwaeleza. Hakuwahi kumwachia mtu kiti kile.

Ijumaa iliyopita alimwachia Bi Alima, akamvisha hedifoni kwa mikono yake. "Leo keti wewe, dada. Miguu hiyo imesimama sana."

Mama akatokea, upawa mkononi, akiisogelea kamera, midomo ikienda. Wajukuu wakamgeukia Bi Alima. "Anasema nini, bibi?"

Bi Alima aliinama kuielekea televisheni. Kisha akapaza sauti: "We Rajabo! Zima hiyo mashine yako, nina unga usoni! Kazi hujui, kula unajua!" Wajukuu wakaangua kicheko. Bi Zainabo akacheka nao, akijifuta macho kwa ncha ya kapulana, kanga aliyojitanda.

Mimi ninayeandika haya, nilipokwenda kuitoa kaseti, nilivaa hedifoni, nihakikishe kwamba yote ni salama. Sauti ilikwisha kufa zamani. Umebaki mvumo mtupu. Bi Zainabo alikuwa akieleza yale anayoyakumbuka, na Bi Alima, kwa kusimama nyuma yake miaka yote, ameyashika neno kwa neno.

Bi Alima, wenzako tunakushukuru. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Saa utaizoea. Wakubwa wamesema kwamba wataamua kuhusu deki. Wakishaamua, tutaandika, na nakala ya kwanza itapelekwa Quitunda.