Mama Chapa na Barua Zake kwa Wabunge

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chapa, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1954, wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi seremala na mshonaji. Anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake, muuguzi mstaafu, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikaanza kuburuza chini.

Alianza shule ya msingi Januari 1962 na kuingia sekondari mwaka 1969. Agosti 1972, akiwa kidato cha nne, ilijulikana kwamba ni mjamzito, akafukuzwa siku hiyohiyo. Shangazi, akidhani anamwokoa, alimpeleka kwa mtu aliyekuwa akitoa mimba katika chumba cha uani. Dada alikaa kwenye benchi na wasichana wengine wawili. Zamu yake ilipofika akasimama, akasema, "Shangazi, twende nyumbani. Huyu nimeshamzoea." Baba alinuna wiki nzima, kisha akaanza kuchonga kitanda cha mtoto. Kifungua mimba wake alizaliwa tarehe 19 Februari 1973.

Mwaka 1975 alisomea upigaji chapa, na kuanzia 1976 hadi 2009 alikuwa karani katika ofisi ya ardhi, chumba cha mwisho koridoni, chenye dirisha lisilofunga vizuri. Barua za wakubwa alizinyoosha lugha bila kuwauliza. Bosi mmoja alimwambia, "Mama Chapa, hii siyo barua niliyokupa." Akajibu, "Ndiyo, mzee. Hii inaeleweka."

Tarehe 8 Desemba 1979 aliolewa na fundi saa, mtu mpole wa maneno machache. Siku ya posa, wazee walizunguka sana kumweleza kwamba binti ana mtoto. Akawakatiza kwa adabu: "Huyo nimeshacheza naye gololi. Kanifunga." Walijaliwa mabinti wawili, wakaishi pamoja hadi mume alipofariki mwaka 2012.

Mwaka 2017 mswada wa kuwekea utoaji mimba mipaka ulipofikishwa bungeni, marehemu alishusha mashine yake ya chapa kutoka juu ya kabati, akaanza kumwandikia kila mbunge barua yake, akiwasihi waunge mkono. Hakutaka kunakili. "Ukimpa mtu nakala," alisema, "na moyo wake atakupa nakala."

Mdogo wake hakukubaliana naye. Alikuwa ameuguza wasichana waliotoka vyumba vya uani wakiwa mahututi, akahofia sheria ingezidisha idadi yao. Walibishana jikoni miezi kadhaa, chai ikipoa. Siku moja alimuuliza, "Dada, ukishawaambia wazae, halafu? Wewe si walikufukuza shule?" Siku mbili baadaye marehemu akaanza kuandika barua zote upya, akiongeza aya moja.

Aprili 2018 aliitwa mbele ya kamati ya bunge. Alivaa gauni lake la kijivu, na mdogo wake akamsindikiza, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Alisema: "Waheshimiwa, mimi niliinuka kwenye lile benchi kwa sababu nilikuwa na nyumba ya kurudi. Nawaomba mpitishe mswada huu, mtoto aliye tumboni apate mtetezi. Ila mama yake naye awe na pa kurudi, na dawati lake lisipewe mtu mwingine." Mbunge aliyekuwa akichezea simu akaiweka chini.

Mswada ulipita tarehe 14 Machi 2019 kwa tofauti ya kura tisa, pamoja na kifungu cha kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Kifungu hicho dada hao walikisherehekea pamoja. Mengine waliendelea kubishana.

Oktoba 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, lakini maneno hayakumshinda. Alilazwa tarehe 28 Mei 2023. Siku ya mwisho kuzungumza alimuuliza mdogo wake, "Bado unanipinga?"

"Bado, dada."

"Haya. Nisogezee mto."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, akiwa na miaka 68.

Ameacha kifungua mimba wake, mabinti wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja na mdogo wake. Mungu ampumzishe kwa amani. Alikuwa dada yangu, na sikuwa na mwingine.