Rufaa ya Isakwisa

Pale Uyole, kwenye benchi linalotazama malori yaendayo Iringa, Isakwisa fundi viatu alikuwa anashona na kahawa haimshuki. Kazaliwa Karonga, upande wa Malawi, ila Uyole ndiko alikooa na ndiko wanawe wanakosoma. Uhamiaji walimwita kwenye shauri lake, hakutokea, wakatoa amri arudishwe kwao. Kesho ndiyo mwisho wa kukata rufaa, na wanataka aeleze siku ile alikuwa wapi. Alikuwa ndani ya kaburi, jembe mkononi, anamchimbia mama yake Mrisho, mwenzake wa kijiweni! Maziko ya Kiislamu hayangoji kesho, na wanakijiwe wote walimfuata kibandani: we Isakwisa, shauri litakuwepo tu, njoo tumzike mama.

— Rufaa kitu kidogo sana, — alisema Mrisho, anayeitwa Wakili kwa sababu ameshashitakiwa mara mbili na zote akashindwa. — Unaingia, unapiga meza, unasema, "Napinga!"

— Napinga nini? — aliuliza Isakwisa.

— We pinga kwanza, bana. Cha kupinga watakuuliza wao.

Saulo akasogea na kikombe chake. Huyu wanamwita Redio, maana hazimwi.

— Mnampoteza mwenzenu. Aishitaki Malawi!

— Imenifanya nini?

— Imekuzaa bila kukuuliza! Kesi ya nchi mbili hiyo, mwanangu. Mpaka iishe umeshakuwa babu hapa hapa Uyole.

Crispin akaguna. Yeye ni Dokta, kwa kuwa aliwahi kulazwa hospitali ya Tosamaganga.

— Nyie sheria hamjui. Mtu akiwa ndani ya kaburi hayupo Tanzania, hayupo Malawi. Yuko safarini. Sasa msafiri unamfukuzaje?

— Lakini nilitoka, Dokta.

— Hapo ndipo ulipoharibu.

— Basi ashitakiwe marehemu! — Redio akapandisha sauti. — Si ndiye aliyechagua kufa siku ya shauri?

— Oya, mama yangu huyo! — Mrisho akafoka, kahawa ikammwagikia.

Wakacheka wote. Isakwisa hakucheka. Alikuwa anamuwaza mkewe Atuganile, ambaye tangu juzi anakunja nguo za watoto, anazikunjua, anazikunja tena.

Mwenye sandali aliyokuwa anaishona Isakwisa, dada mmoja aitwaye Jackline, aliyeshuka basi la Iringa asubuhi ile, alikuwa kasimama kwa mguu mmoja anasikiliza.

— Samahani kaka zangu, mi mgeni hapa. Si aende tu aseme alikuwa mazikoni? Na nyie mliochimba naye mkamtolee ushahidi. Kesho nani anakwenda naye?

Redio akazima. Dokta akalikagua birika, akakuta tupu, akaendelea kulikagua. Isakwisa akaweka sindano chini.

— Mrisho. Utanisindikiza?

— Ningekuja, ndugu yangu, ningekuja mbio! Ila kesho alfajiri naenda Iringa. Nina msiba.

— Maskini, pole sana, — alisema Jackline. — Amefariki nani?

Mrisho akafungua mdomo. Akamtazama Redio, akamtazama Dokta, akashindwa kuchagua marehemu.