Adabu Iliyoulemaza Mfumo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, ambaye leo umefika kwa wakati mpaka tumeshangaa, Ustadhi wetu na Mchungaji Kadenge, Bwana Sharif, mkurugenzi wetu tunayekuaga, pamoja na mkeo Bi Jalila, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi mliosimama mlangoni kwa kuchelewa kwenu: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni Zubeida. Napokea simu za wateja katika kampuni hii ya Frere Town tangu ilipokuwa chumba kimoja na feni mbovu. Nimeambiwa nimsifu Bwana Sharif kwa ufupi. Nitamsifu, lakini kwa njia yangu, na asiyependa azibe masikio.

Kazi yetu mwaijua. Twatengeneza mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa katika zahanati. Mgonjwa akija, karani aandika jina, faili lafunguka, mgonjwa aenda kwa daktari. Basi mwaka jana, baada ya Idi, mfumo ukaanza kujikokota. Karani abofya, angoja. Mtoto ana homa, mamake amembeba, na kompyuta yazungusha kiduara chake tu, haina haraka ya dunia! Na simu zote zikaja kwangu. Nimetukanwa, jamani! Nimetukanwa na Likoni, nikatukanwa na Changamwe, na kuna karani mmoja wa Kisauni, ameokoka yule, alinitukana kisha akaniombea.

Lawama zikamwangukia nani? Gedion. Kijana wetu huyu wa Mwingi ndiye aliyekuwa ameugusa mfumo mara ya mwisho. Wiki ile ile aliingiza sehemu ya kulipia kwa simu. Na sisi binadamu, ndugu zangu, aliyeonekana karibu na mtungi uliovunjika si ndiye twamshika? Bwana Sharif akapiga meza. Akasema Ijumaa Gedion arudishe kompyuta ya kampuni na aende zake. Na mkewe Fancy, maskini, alikuwa amebakisha mwezi tu kujifungua. Nikamkuta Gedion jikoni akisuuza kikombe chake ili akifungashe aondoke nacho. "Mathe," akaniambia, "mimi nishajipanga kurudi ocha, kwetu Mwingi. Sina maneno na mtu." Wallahi nililia. Nililia kwa hasira, na ningempata mtu wa kumpiga siku ile ningempiga.

Ndipo Israa, fundi wetu, akasema, "Kabla hamjamfukuza mtu, niacheni kwanza niiulize historia."

Niwaeleze kama nilivyoelezwa. Kila badiliko linaloingizwa katika mfumo huhifadhiwa, pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake, na toleo lolote la zamani laweza kurudishwa likajaribiwa. Israa akachukua toleo la zamani lililo jepesi, na la leo lililo zito, akatafuta lililo katikati yao, akalipakia majina ya wagonjwa wetu wote hadi leo, akalijaribu. Zito! Basi kosa liliingia kabla yake. Akagawa tena nusu, akajaribu. Jepesi! Basi kosa liliingia baadaye. Akaendelea kukata hivyo hivyo, sisi tumemzunguka, chai yapoa, na Bwana Sharif nyuma yetu haishi kusema, "Mtaona tu! Mtaona ni jina la nani!"

Tukaliona. Likabaki badiliko moja peke yake, la zamani, Gedion hata hajaajiriwa. Jina: Sharif. Sababu: "Nimeongeza adabu."

Lo! Kila mtu akageuka kutazama dirisha.

Kumbe mkurugenzi wetu alikuwa amechoshwa na makarani kuwapokea watu wazima kwa "haya, sema." Akajifungia Jumapili moja, akaandika kwa mkono wake kipande cha kumwonyesha karani ni nani wa kuamkiwa shikamoo. Vyema sana. Lakini mtu wa Mombasa atatosheka na umri? Bwana Sharif akawaza: na kama mgonjwa ni mdogo kwa miaka, lakini ni mjombake karani? Basi kila faili likifunguliwa, mfumo ukawa unapitia wagonjwa wote walioandikishwa, mmoja baada ya mmoja, ukitafuta ukoo! Mtu yuko karibu kuzimia, kompyuta bado yauliza nyanyake aliolewa wapi. Zahanati ilipokuwa moja, hakuna aliyehisi. Wiki ile ya Gedion ndipo Likoni na Changamwe walipoungana nasi, watu wakawa wengi, na mambo ya ukoo yakaushinda mfumo kama yanavyotushinda sisi.

Je, mwingine angefanya nini pale? Yuko bwana mmoja, simtaji, yuko meza ya pili na koti la kijivu. Alimnong'oneza, "Bosi, hata historia yaandikwa upya. Jina lako laweza kutolewa." Ni kweli, laweza. Bwana Sharif akamtazama mpaka akarudi nyuma. "Liache hapo," akasema. Akaketi, jasho lamtoka, akakiondoa kile kipande yeye mwenyewe, na pale pa kuandika sababu nikasoma nikichungulia begani kwake: "Kosa ni langu. Nilimlaumu Gedion bure." Kisha akamwita Gedion mbele yetu sote, akamwomba radhi. Mzee yule, na kiburi chake nikijuavyo mimi!

Bwana Sharif, wewe ni mbishi, chai yako haina sukari ya kukutosha, na ukikasirika jengo zima lajua. Lakini sijapata kufanya kazi na mkubwa mwingine aliyekubali jina lake libaki kwenye kosa lake, ili mtoto wa watu asiondoke na aibu isiyo yake.

Fancy alijifungulia hapo hapo Kisauni. Alipofika zahanati akiwa na uchungu, faili lake lilifunguka kabla hajamaliza kutaja jina la babake. Gedion, mwanangu, hebu simama umwinue huyo binti tumwone. Bwana Sharif, mtazame vizuri. Amezaliwa babake ana kazi.

Nimeshukuru mlivyonisikiza. Wabillahi tawfiq.