Daktari Tjitske na Dume Aliyependa Zaburi

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutumbukiza mkono mahali ambapo wengine hatupendi hata kuchungulia, Daktari Tjitske Wiarda anastaafu kazi katika kituo chetu cha utafiti wa uzazi wa farasi na ng'ombe. Wakubwa wameniomba niandike maneno ya heshima. Nitajitahidi.

Alianza na ng'ombe. Aliwafundisha wafugaji wa Friesland nzima, mkoa wetu huu wa Uholanzi, kutambua siku ambayo ng'ombe anataka dume, jambo ambalo kila mmoja wao aliapa kuwa analijua tangu tumboni mwa mamake. Kisha akahamia kwa farasi, na hapo ndipo uhondo ulipoanza.

Utafiti wake mkubwa ulitaka kuonyesha kwamba farasi dume aliyetulia hutoa mbegu zenye afya kuliko yule anayefokewa. Kwa hiyo, sisi tulipomwongoza dume kwenye jike bandia, yaani gogo lililovikwa ngozi nyeusi, Tjitske alisimama ubavuni na chombo cha kukingia mbegu, akiimba polepole. Aliimba zaburi, ileile ambayo mama yake alikuwa akiiimba akikamua. Dume Hartger, mali ya mzee Gerlof Sinnema, aliipenda mno. Kabla ubeti wa pili haujaisha, kazi ilikuwa imekwisha.

Misimu minne tulipima mbegu za Hartger, na matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Katika wasomi wote wa kituo hiki, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba zaburi huimbwa pia kanisani.

Ikafika harusi ya Baukje, binti wa Gerlof. Bibi harusi aliletwa kwa kigari cha magurudumu mawili, kikivutwa na Hartger, manyoya yake yakimeremeta kama buti la askari. Baukje ameshuka tu, kinanda kikalia ndani, waumini wote wakasimama na kuimba. Mnajua zaburi gani. Hartger akasimamisha masikio. Mbele yake kulikuwa na gari dogo jeusi la mchungaji.

Sitaeleza zaidi, maana taarifa hii inasomwa na watoto. Nitasema tu kwamba kigari kilipanda pamoja naye.

"Gerlof! Gari langu!" mchungaji alipiga kelele mlangoni.

"Mwache amalize, Mchungaji, ukimkatiza atakupiga teke," nilimshauri. Baukje alicheka hadi shela ikamdondoka.

Gerlof hakucheka. "Jumatatu anahasiwa," alisema. "Kanitia aibu mbele ya kanisa zima."

Kisu hicho kingekata vitu viwili kwa mpigo. Utafiti ulihitaji msimu mmoja zaidi wa dume huyohuyo. Bila Hartger, miaka yote ile ingetupwa kama samadi. Jumapili jioni Tjitske alikwenda jikoni kwa Gerlof, akakaa mbele ya kahawa asiyoinywa.

"Farasi hana kosa, Bwana Gerlof. Mwalimu wake ni mimi. Kama lazima ahasiwe mtu, nihasi mimi."

Mke wa Gerlof alipaliwa na keki. "We mwanamke, huna haya!" alisema huku akifuta machozi ya kicheko. Gerlof akakuna kichwa, akatoa muda hadi ibada ya shukrani ya mavuno, Novemba. Siku hiyo zaburi ikiimbwa na Hartger akithubutu kuinua hata kwato, kisu.

Tangu hapo zaburi iliimbwa wakati wa kulishwa shayiri tu, asubuhi na jioni, dume akiwa na kichwa ndani ya ndoo. Kwenye jike bandia Tjitske alibadili wimbo: aliimba ule wa mashabiki wa mpira wa Groningen, mahasimu wetu wa mkoa jirani, kwa sababu alijua hakuna Mfriesland mwenye akili timamu atakayeuimba hadharani. Mimi ilinibidi nizibe masikio.

Novemba kijiji kizima kilijipanga nje ya kanisa, wengine wakija kwa ajili ya ibada. Tjitske alishika hatamu mwenyewe, uso mweupe kama jibini changa. Kinanda kikaanza. Hartger akasimamisha masikio, akatazama huku na huku, udenda ukamtoka, kisha akaingiza kichwa chake chote ndani ya kikapu cha sadaka ya mavuno kilichowekwa mlangoni na kutafuna karoti za Bwana hadi ubeti wa mwisho.

Gerlof alivua kofia. "Haya," alisema, "abaki navyo."

Utafiti ukakamilika. Leo mabanda mengi hayamfokei tena dume, na watoto wa Hartger wametapakaa hadi Denmark.

Tjitske, asante kwa kazi, kwa subira, na kwa kutuvumilia sisi wenye midomo mirefu. Tunakuombea asubuhi za kulala hadi jua lichomoze, afya tele, na mikono mikavu hadi mabegani.

Wopke Terpstra, mtunza mabanda