Wanasesere Wasio na Uso wa Nyumba ya Shirahata

Wasikilizaji wapendwa, Mama Fumi, jirani wa akina Shirahata anayeuza tofu, ile jibini ya soya, anaapa kwamba asubuhi aliyofariki mzee Tokuji, wanasesere walilia. "Nilikuwa nakata tofu," anasema. "Nikasikia kii, kii, kii, kutoka karakana yao. Nikajua mzee ametutoka."

Hapa Naruko hakuna wa kumcheka. Mwanasesere wetu wa mbao ukimzungusha kichwa, hulia. Ndivyo anavyoundwa: kiwiliwili kikiwa bado kinazunguka kwenye kerezo, mashine ya kuchongea mbao, kichwa husukumwa ndani kwa nguvu mpaka kishike.

Leo tunamkumbuka mzee Shirahata Tokuji, mkereza wanasesere. Baba yake alikuwa mkereza wanasesere. Babu yake pia. Watu walitoka mbali kuwanunua wanasesere wao, wakawatunza kabatini kama urithi, kwa sababu ya uso. Macho membamba, pua ya mpigo mmoja wa brashi, na kidomo kinachotaka kusema jambo kisha kikaghairi. Huo ni uso wa nyumba ya Shirahata. Na uso wa nyumba hauchorwi na mtu mpaka mwenye nyumba atamke: chora.

Mzee alimtamkia mwanawe, Sakichi. Mto ulipofurika, ukamchukua Sakichi. Tangu hapo mzee hakumtamkia mtu.

Alibaki binti, Mineko. Mineko akakereza. Mineko akatia vichwa, akapaka maua mekundu vifuani. Uso akamwachia baba. Usichanani aliomba, akajibiwa: "Wewe utaolewa. Uupeleke uso wetu kwa watu?"

Wachumba walikuja, akawakataa. Alipoota mvi akaomba tena. "Baba, nimezeeka sina mume. Uso utakwenda wapi sasa?"

Mzee akacheka. "Hebu chemsha chai, wewe."

Kisha mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Wanasesere wakajaa rafuni, weupe, bila macho. Mama Fumi akatania: "We Mineko, hao wanao vipofu watafikaje dukani?"

"Utawashika mkono wewe, dada. Si ndiwe unayejua njia ya kila nyumba?"

Walicheka wote wawili. Mineko akaacha kwanza.

Asubuhi ile ya mwisho alimpelekea baba mwanasesere mmoja, na brashi yenye wino. "Baba, nichore?" Mzee alimpokea mwanasesere. Akamzungusha kichwa. Kii. Akamlaza kifuani, akafumba macho. Hakutamka.

Mineko akarudi karakana, akawazungusha vichwa wote, mmoja mmoja. Anasema mikono ilikosa kazi. Hicho ndicho alichosikia Mama Fumi, wapendwa. Hawakulia wenyewe.

Msibani watu walimwambia, "Si uchore tu? Nani atakuzuia?"

"Nikichora bila neno lake, huo utakuwa uso wangu," alijibu. "Wa nyumba umezikwa."

Dada Mineko, na ukoo wa Shirahata, poleni sana. Faraja tungekuwa nayo tungeileta. Tumekuja mikono mitupu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu wenu anayengoja neno vinywani mwenu, jiulizeni neno hilo mnamwekea nani.

Leo asubuhi tulipopita, Mineko alikuwa amepiga magoti mbele ya picha ya baba yake. Ubani ulikuwa unafuka. Brashi ilikuwa imelowa wino.

"Baba, nichore?"