Doa la Unyayoni mwa Soli

Mimi kahawa yangu nauzia ubavuni mwa benchi la mafundi, na masikio sikupewa kwa urembo. Hapo hukaa Soli, fundi viatu, miaka sitini na tisa. Pima, fundi cherehani. Na Dokta, aliyelinda lango la hospitali miaka saba akatoka na jina hilo. Mwaka jana Soli alisema ana doa jeusi unyayoni, linakua. Benchi likakaa kikao, likaamua: hata kama ni saratani, ya mzee haina mbio, aachane nalo. Leo asubuhi Soli katoka hospitali, kakaa, kahawa hakugusa.

Soli: Uvimbe huu hapa kwenye nena, mnauona? Ni lile doa. Limepanda.

Pima: Pole, ndugu yangu. Ila...

Soli: Pole yako iweke mfukoni. Si wewe uliyesema damu ya mzee inatambaa, ugonjwa utachoka njiani?

Pima: Nilisema damu ya mzee. Wewe umeoa mke wa miaka thelathini na nane. Damu imeamka, ikaubeba.

Hapo nikakohoa. Huyo mke nina mengi yake, lakini si ya leo.

Dokta: Mimi naona ni viatu. Ugonjwa umetoka kwenye kiatu cha kijana uliyemshonea, ukakuingia na mbio zake za ujana.

Soli: Dokta, wewe hospitali uliijua lango tu.

Dokta: Langoni ndiko wanakopita wote. Wazee wa saratani niliwaona wakiingia na kutoka, miaka na miaka.

Soli: Na waliotolewa kwa mlango wa nyuma, uliwaona?

Dokta akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Soli: Daktari kanieleza. Zipo saratani zinazojikongoja kwa wazee, ni kweli. Hii yangu ya ngozi si katika hizo. Ngozi ikizeeka, nyuzi zake za ndani zinalegea, na saratani inapata pa kupenya. Pima, kitambaa kilichochakaa, sindano inapitaje?

Pima: Inapita bila kusukumwa.

Soli: Kumbe unajua. Unajua, na ukanikalisha hapa miezi kumi na moja.

Pima: Nilikukalisha mimi? Huna miguu?

Soli: Ninao mmoja. Huu mwingine wanaukata Alhamisi, sijui watanirudishia kiasi gani.

Pima akasimama. Soli naye akasimama, kifua kwa kifua, wazee wazima, kikombe changu kikaanguka kikavunjika. Ndipo akafika binti yake Soli, yule mwalimu wa chekechea, kumchukua babake wakapige picha ya mapafu. Alisimama akasikiliza, mkono kiunoni. Tangu ajue kusema, leo ndiyo mara ya kwanza hakutuamkia.

— Nina swali dogo. Siku ile Baba alipowaambia ana doa, nani kati yenu alimwambia avue kiatu alione?

Pima akashika futi yake ya shingoni, akaikunja, akaikunjua. Dokta akatazama barabarani kana kwamba kuna gari la kufunguliwa lango.

Na mimi, mwenye kiti kifupi kuliko wote, ambaye macho yangu kutwa yako usawa wa miguu yao, niliinama nikaokota vigae, kimoja kimoja, hata vile visivyookoteka.