Dawa Iliyokataliwa na Sumaku

Benchi la kahawa la Mama Henriette liko kando ya barabara ya Kingamyambo, mahali ambapo kahawa huja na vumbi lake. Asubuhi ile Tata Symphorien hakuweza kutulia. Jana binti yake Abigaël, wa miaka kumi na mitano, alianguka darasani. Kwenye zahanati muuguzi alimfunua kope, akaona weupe, akasema damu imepungua, akatoa vidonge vya fer, yaani madini ya chuma. Alipoanza kueleza habari za damu ya kila mwezi, Symphorien aliona haya, akavitia mfukoni na kutoka. Sasa alitaka wenzake wamtulize moyo.

— Fer? alishangaa Stany, mchimbaji wa mgodini waliyemwita Marteau, yaani Nyundo. Mutoto anapumuaka vumbi ya mine kila siku. Atakosa fer wapi?

— Mi nasema ni maji, alikata Kyungu, aitwaye Diplôme kwa sababu hajawahi kuonyesha hata moja. Bakubwa balisema damu ni nzito kuliko maji. Mutoto anakunywaka maji mingi, damu inakuwa nyepesi. Mumukataze maji!

— Weye nawe! alifoka Henriette. Binti wa miaka ile anapotezaka damu kila mwezi. Tata, umupe dawa, umupe na maharagi na samaki.

— Ngoja, mama, haraka haraka haina baraka. Marteau alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye redio mbovu. Ku mine tunapimaka kwanza. Kama ni fer kweli, aimant itaikamata.

Symphorien akamwaga vidonge benchini. Sumaku ikapita juu yake, ikarudi. Hakuna kilichosogea, ingawa Henriette alinong'ona kwamba fer ya dawa si ya musumari.

— Balikudanganya, vieux! alisema Marteau.

— Tuponde moja, tuone ndani, alisema Diplôme.

Wakaponda kimoja, wakaponda na cha pili. Diplôme akalamba unga, akatema.

— Ni chaki! Itamukausha damu yote, baganga baiuzishe ku mupaka. Siku hizi damu inauzishwaka kama mafuta ya mashini!

Symphorien alicheka nao, lakini aliendelea kuvihesabu vidonge vilivyobaki. Ndipo Mujinga, jirani yake, akafika akihema.

— Tata Symphorien, Abigaël ameshindwa kunyanyua ndoo. Amekaa chini ku robinet ya maji, hasimame. Ile dawa ya jana, amemeza ngapi?

— Hata moja, alisema Symphorien.

Marteau akarudisha sumaku mfukoni. Diplôme akapangusa unga midomoni.

Symphorien akakusanya vidonge vilivyobaki.

— Mama Henriette, ile ya damu ya kila mwezi... unielezee mu njia, tukienda.

Henriette akaumwagia moto wa mbabula, jiko lake la makaa, kahawa yote iliyobaki, akamfuata.